Upande wa Mlango

Kizibo cha themosi ya Mama bado kinanuka. Nimekiosha kwa maji ya moto na magadi, nimekianika juani siku nzima, na bado ukikisogeza puani unapata ndimu, uji wa wimbi na moshi wa kuni. Waya, yaani shangazi yangu, dada yake Baba, ndiye aliyenikabidhi tulipokuwa tukigawana vitu vya Mama baada ya mazishi. Wengine walichukua leso na masufuria. Mimi nilipewa themosi ya bati yenye maua mekundu, iliyobonyea ubavuni, ambayo siku hizi ukitia chai inapoa kabla hujapata kikombe. Niliipokea kwa mikono miwili, nikafungua kizibo, nikanusa, na hapo hapo nikalia kilio ambacho sikukilia hata kaburini.

Wenzangu wa rika langu waliokulia Migori watakumbuka likizo ile ya Agosti bembea zilipokuja Homa Bay. Gari lenye vipaza sauti lilipita mjini kwetu mara kadhaa, likitangaza farasi wa mbao wanaozunguka, vigari vya kugongana, na gurudumu kubwa lenye viti, ambalo ukifika juu yake unaliona ziwa lote mpaka visiwani. Wakati huo hata lifti hatukuwa tumewahi kuiona. Wazo la kulipa ili uinuliwe juu, uangalie chini, kisha urudishwe ulipotoka, lilitufanya tusilale.

Baba alikuwa fundi wa baiskeli karibu na soko, mtu wa mizaha, mwenye vidole vyeusi vya grisi. Alirudi jioni hiyo akasema tutakwenda wote, siku kadhaa, tutalala kwa Waya ambaye ameolewa pale Homa Bay. Mdogo wangu Okoth alipanda juu ya kiti akapiga makofi. Mama aliendelea kusonga ugali. Tangu jioni ile akaanza kupanga.

Mama hakuandika kitu. Alipanga kwa mdomo, akiongea peke yake juu ya sufuria. Asubuhi uji mzito wa wimbi wenye ndimu na karanga zilizosagwa. Uwanjani tufike mapema, jua likiwa changa. Likifika utosini tutoke, tusibishane na mtu, twende kwa Waya tukale ugali na samaki wa mchuzi, si wa kukaanga, maana wa kukaanga anakausha koo. Kisha tulale. Tukiamka tunywe maji, turudi uwanjani, na tutoke kabla upepo wa ziwa haujaanza kuvuma. Gurudumu tutalipanda siku ya mwisho, asubuhi, si kabla ya hapo.

"Hii ni matembezi ama ni jeshi?" Baba akauliza.

"Wuon Atieno, wewe tengeneza baiskeli," Mama akamjibu. Baba Atieno, ndivyo alivyomwita siku zote kwa Kijaluo, kwa jina langu mimi kifungua mimba.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo mimi nililijua na nilidhani wao hawajui kwamba ninalijua. Katika nyumba yetu kulikuwa na mgonjwa, na mgonjwa huyo alikuwa mimi. Nililisikia kwa masikio yangu, nimesimama nyuma ya ukuta wa jikoni, Mama akimwambia Okoth kwa sauti ya chini: "Damu ya dada yako haina nguvu. Usimwambie mtu. Wewe ndiye mwanamume, wewe utanisaidia. Akitakiwa kunywa maji, unywe wewe kwanza aone. Akipewa dawa, wewe umeze kwanza. Akilala mchana, lala hapo karibu umlinde."

Nilikuwa na miaka tisa, yeye saba. Niliondoka pale ukutani, nikaenda kukaa nyuma ya choo, nikajililia. Lakini nitasema ukweli: baada ya siku chache nilianza kulipenda gonjwa langu. Nilitembea taratibu. Nilijifunza kushika kifua na kupumua kwa huzuni. Okoth, aliyekuwa mtundu wa kupigana na mbuzi, alinibebea mtungi wangu wa maji mpaka mlangoni, na mimi nikamwacha aubebe. Kila siku tulimeza vidonge vidogo vya njano, yeye kwanza, mimi baadaye. Mama akipika ini alimpa Okoth aonje kama limeiva kwa ajili ya dada yake. Nilishangaa kuonja gani huko kunakomaliza nusu ya ini, lakini nilimsamehe, kwa sababu watu wanaokaribia kufa husamehe.

Kwa hiyo safari ile niliielewa kwa namna yangu. Niliona wananipeleka Homa Bay nikaage dunia. Gurudumu limewekwa siku ya mwisho ili liwe jambo la mwisho kwangu. Nilikuwa nimeshaamua kwamba rula yangu Okoth aichukue, na kwamba nikifika kule juu nitatazama upande wa Migori niione nyumba yetu kwa mara ya mwisho. Nilitaka kupanda gurudumu lile kabla sijafa. Sikuwahi kutaka kitu namna hiyo, na sijawahi tena.

Homa Bay ina joto la kukaa begani. Siku ya kwanza tulifika uwanjani majani yakiwa bado na unyevu. Mama alikuwa na kikapu: themosi ya uji, chupa za maji, na sweta mbili ambazo kila mtu alizicheka. Langoni alisimama kijana mwenye muhuri wa wino wa zambarau. Ukishapigwa muhuri mkononi unaweza kutoka na kurudi. Mama aliuangalia ule wino, akafikiri.

"Wapige mkono wa kushoto," akamwambia.

"Mama, mkono ni mkono tu."

"Wa kulia wataulia ugali. Wakinawa itatoka, halafu jioni utawakataza kuingia. Piga kushoto."

Kijana akacheka, akapiga kushoto. Mpaka leo nikimkumbuka Mama namkumbuka pale langoni, amesimama na kikapu chake, ameshafikiria mchana wakati wengine bado wanafikiria asubuhi.

Tulipanda farasi wa mbao. Tuligongana kwenye vigari, Baba akiwa ameinama mpaka magoti yanagusa masikio. Kila tukishuka, Mama yuko hapo na kikombe. "Kunywa, Okoth, dada yako aone." Okoth alikunywa huku akinitazama juu ya kikombe, nami nikanywa. Jua lilipofika utosini, muziki ndio kwanza umepamba moto na watoto wa Homa Bay ndio kwanza wanaingia, sisi tulishikwa mikono tukatolewa. Wakati huo niliona aibu kubwa. Familia nzima inaondoka sherehe ikianza.

Nyumba ya Waya ilikuwa ya mabati, lakini jiko lake lilikuwa la nyasi, la udongo, lenye ubaridi wa kupendeza na harufu ya samaki waliokaushwa kwa moshi. Humo ndimo tulimokula na humo ndimo tulimolala. Mama alitandika mkeka mmoja. Mimi nililala upande wa ukuta, Okoth upande wa mlango. Huo upande wa mlango aliuchagua yeye mwenyewe, tangu nyumbani. Nilipomuuliza sababu, aliniambia kwamba ugonjwa ukija utaingia kwa mlango, kwa hiyo utamkuta yeye kwanza.

"Na ukikukuta utafanya nini?"

"Nitauuliza unatafuta nani."

Kisha alifumba macho, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukoroma. Mlinzi gani, nilijisemea.

Siku ya pili langoni alikuwapo mtu mwingine, mnene, asiyetaka maneno. Kabla Mama hajafungua mdomo, tulikuwa tumeshapigwa muhuri mkono wa kulia. Mama alinung'unika asubuhi nzima. Mchana, jikoni kwa Waya, beseni la kunawa lilipoletwa alilisukuma kando, akanawa yeye peke yake.

"Fungueni midomo," akasema.

"Mama, mimi ni mkubwa," nikasema.

"Mkubwa mwenye muhuri. Fungua."

Okoth akasema, "Anza na Atieno." Mama alifinyanga tonge, akalitia shimo kwa dole gumba, akachota mchuzi wa ngege, yule samaki wa ziwani, akatoa mwiba kwa kucha, akanilisha. Kisha Okoth. Kisha mimi. Baba aliegemea mlango akitucheka, akimwita Mama ndege mwenye makinda. Waya alicheka mpaka akafuta machozi. Vidole vya Mama vilikuwa na ndimu na chumvi. Nilikuwa na furaha kuliko nilivyowahi kuwa, na nilidhani nimeipata furaha hiyo kwa sababu ninakufa.

Siku ya mwisho tuliamka na gurudumu vichwani. Tulikunywa uji tumesimama. Tulipofika, tulilikuta limenyamaza: jenereta lake lilikuwa limeharibika tangu alfajiri, na mafundi wawili walikuwa wamelala chini yake. Watasema nini mafundi. Walisema bado kidogo. Tulikaa kwenye nyasi tukitazama viti vitupu, vyekundu na vya kijani, vikicheza kidogo kwa upepo. Okoth hakutaka kupanda farasi. Hakutaka vigari pia. Alikaa ameyakumbatia magoti, akasema anangoja gurudumu, na mimi nilimwona mtu mwenye msimamo.

Jua lilipofika utosini Mama alisimama na kukung'uta leso. Wakati huo huo jenereta likakohoa, likanguruma, na gurudumu likaanza kuzunguka. Watu walipiga kelele. Baba alimshika Mama kiwiko.

"Waache wapande sasa. Hakuna hata foleni. Hiyo kitu ikizima tena, tutarudi Migori tuambie watu nini?"

Mama alilitazama gurudumu. Akamtazama Baba. Akatutazama sisi. Sijawahi kumwona akibadilisha mpango wake wa mchana, si kabla ya siku ile, si baada yake. Niliuona uso wake ukilegea.

"Haya," akasema. "Wapande. Halafu twende tukale."

Nilikuwa nimeshaanza kukimbia Okoth aliponishika mkono.

"Hapana," akasema. "Atieno amechoka. Alale kwanza. Tutarudi."

"Mimi sijachoka," nikasema.

"Umechoka."

Hakunitazama. Alitazama mbele, na alinishika kwa nguvu mpaka vidole vikaniuma. Mama akabeba kikapu. Baba alitikisa kichwa, akasema familia hii itamuua. Nilimchukia Okoth njia nzima. Yeye aliegemea bega langu akaniambia nitembee polepole, nisije nikaanguka, na mimi niliona anajifanya daktari.

Tulikula. Yeye alikula kidogo sana. Tulilala, mimi ukutani, yeye mlangoni. Nilijifanya nimelala kwa hasira. Nikasikia anapumua kupitia kwenye meno, kidogo kidogo, kama mtu anayeonja chai ya moto. Sikugeuka. Baadaye Mama aliingia na kikombe cha maji, akainama, akamgusa goti. Sauti aliyoitoa Okoth sitaieleza.

Jiko likajaa watu. Baba aliingia, Waya aliingia, jirani aliingia. Wote walimwinamia Okoth. Mikono yake ilikuwa imevimba na macho yake yalikuwa ya njano kama vile vidonge. Mimi nilisimama ukutani na nilijua kwamba kuna kosa kubwa limefanyika. Nikalishika gauni la Mama.

"Si yeye," nikasema. "Mgonjwa ni mimi."

Mama aligeuka akanitazama. Ndipo nilipoelewa, lakini si kwa maneno. Niliuona uso wake na nikauelewa wote kwa mara moja, maji, vidonge, ini. Na Okoth alikuwa amefumbua macho, anatusikiliza.

"Ndiyo, nyathina," Mama akaniambia, yaani mwanangu. "Ni wewe. Lala basi, mtoto wangu. Okoth amechoka tu kukulinda."

Baba alimbeba mpaka hospitali. Waya ndiye aliyekaa naye zaidi, kwa kupokezana na Mama. Mimi nilipelekwa kumwona mara moja tu. Alikuwa na mrija mkononi, pale pale ambapo alama ya muhuri ilikuwa haijafutika bado.

"Umelala leo mchana?" akaniuliza.

"Nimelala."

"Nani alikaa mlangoni?"

 Akamgeukia Mama, kwa sauti ya mtu mzima anayeacha maagizo, akamwambia, "Mtu akae mlangoni."

Alikufa kabla shule hazijafunguliwa. Tulimzika nyumbani kwa babu yangu. Gurudumu hatukulipanda, na lilipokuja tena Homa Bay baadaye, hakuna mtu nyumbani kwetu aliyelitaja.

Nilipokuwa mkubwa Mama alinieleza mambo yalivyokuwa. Okoth alizaliwa na damu ile inayotesa watoto wengi wa kwetu, ile ambayo chembe zake zinapinda na kuziba mishipa, na joto, kiu, uchovu na baridi vyote ni adui zake. Siku moja alimsikia jirani akisema getini kwamba watoto wa damu hiyo hawafiki mbali. Tangu siku hiyo alikataa vidonge, akakataa kulala mchana, akasema yeye hanywi dawa ya watu wanaokufa. Mama alijaribu kubembeleza, akajaribu fimbo. Mwisho akampa mgonjwa wa kumtunza. Hakujua kwamba nilikuwa nyuma ya ukuta, na aliponieleza hayo aliniomba radhi, nami nikamwambia hakuna cha kusamehe. Alikuwa na jambo moja la kumfariji, na alilirudia mpaka uzeeni, kila tulipomtaja Okoth.

"Angalau hakujua," alikuwa akisema. "Hakuogopa hata siku moja."

Hayo ndiyo niliyomwambia Waya juzi, tukiwa tumekaa chini katika nyumba ya Mama, themosi iko kati yetu. Nilimwambia nashukuru kwamba Mama amekwenda na faraja hiyo. Waya ni mzee sasa, anapumua kwa shida. Alizungusha kizibo kwenye kiganja chake kwa muda mrefu.

"Alijua," akasema.

Nilidhani sikumsikia vizuri.

"Okoth alijua, nyathina. Aliniambia mimi, hospitalini, mama yako ametoka kwenda kuchota maji. Siku ile ya gurudumu miguu ilianza kumuuma tangu uwanjani, asubuhi. Alisema kama angesema inamuuma, mama yenu angejilaumu kwa safari yote. Ndiyo akasema umechoka wewe."

"Na mbona alikubali yale mengine? Kunilinda, na vidonge, na hayo yote?"

"Nilimuuliza hivyo. Alisema alijua zamani, maana wewe ulikuwa unakimbia kumpita. Nikamwambia basi tumwambie mama yako aache kujisumbua. Akakataa. Akasema Mama anafurahi hivyo. Halafu akasema, 'Na usimwambie Atieno kwamba si yeye. Anapenda kulindwa.'"

Nje mtu alikuwa akipasua kuni. Nilingoja amalize.

"Na Mama hukumwambia?"

"Ningemwambiaje? Miaka yote hii anakuja kwangu ananiambia mtoto wake hakuogopa. Ningemnyang'anya na hicho? Nimekaa na siri hii. Sasa amepumzika, nami sitaki kuzikwa nayo."

Alipomaliza alionekana mdogo, amechoka, kama mtu aliyetua mzigo na kukuta mgongo hautaki kunyooka. Jua lilikuwa utosini. Nilimtilia uji kutoka sufuriani, nikamkamulia ndimu, akanywa. Kisha nikautoa mkeka wa Mama nyuma ya kabati, nikautandika sakafuni, nikamwambia alale kidogo. Akauliza na mimi je, nitafanya nini. Nikamwambia nitalala pia. Nilimsaidia kujinyoosha upande wa ukuta, nikamfunika miguu kwa leso, nikajilaza upande wa mlango.